Bi Mdogo wa Dirishani

Mimi ndiye Bi Mkubwa. Jina hilo mume wangu alinipa kwa utani zamani, tulipokuwa hatuna hata kitanda. Kwa hiyo mjukuu wetu alipomletea babu yake kinyonga, jike la kijani lenye macho ya upekuzi, nikampachika jina mwenyewe: Bi Mdogo.

Mume wangu ni fundi vioo. Nusu ya madirisha ya mtaa huu kayaweka yeye. Miezi saba iliyopita aliteleza ngazini akavunjika paja. Mfupa uliunga, lakini moyo ukagoma. Mtu aliyezoeleka akibeba kioo cha mlango peke yake hakutaka kuonekana na mkongojo, basi akawa havuki kizingiti. Nilimbembeleza, nikanuna, nikamwitia rafiki zake. Wapi! Nilikuwa naogopa, nasema kweli, kwamba nitamzika akiwa hai pale sebuleni.

Akawa anashinda dirishani na mke mwenzangu. Alimjengea nyumba ya vioo pande zote, akaiweka pale jua linapopiga kuanzia asubuhi, na kila siku akaifuta mpaka ukadhani hakuna kitu. "Kioo changu hakimnyimi mtu jua," alikuwa akisema. Panzi aliwachovya kwenye unga wa kalsiamu kabla ya kumlisha. Mimi chai yangu sikuwahi kukorogewa sukari kwa uangalifu ule.

Hata hivyo Bi Mdogo akaanza kudhoofu. Mguu wa mbele ulipinda. Akawa anateleza kwenye tawi, na ulimi ukirushwa unamkosa panzi aliye mbele ya pua. Mume wangu akaacha kula vizuri. "Huyu akifa, Bi Mkubwa," aliniambia, "sijui nitaamka kufanya nini."

Nikaenda kumleta daktari wa wanyama. Alikuwa binti wa rika la mwanetu wa mwisho, akaacha viatu mlangoni, akaugusa ule mguu kwa ncha ya kidole.

"Jua anapata saa ngapi, baba?"

"Kutwa nzima. Kwani hulioni?"

Daktari alitazama nyumba ya vioo, kisha dirisha. "Kioo kinapitisha mwanga na joto. Ila kuna miale ya jua inayomsaidia kutengeneza vitamini D, na hiyo karibu yote kioo kinaizuia. Bila hiyo vitamini, kalsiamu unayompa haimfai. Mifupa inalainika."

"Hata kioo safi?"

"Hata kikiwa safi kama hiki, baba."

Miaka arobaini ya kazi, na hakuna aliyewahi kumwambia. Aliiweka mikono magotini. "Basi ni mimi," akasema. "Nimemfungia jua nje kwa mikono yangu."

Miezi saba nilikuwa nikitamani nimshinde mtu huyu kwa neno moja tu, na siku hiyo neno lilipokuja sikulitaka. "Ulimpa kizuri kuliko vyote ulivyonacho," nikamwambia.

Daktari alitoa dawa ya matone. Kisha akaagiza tundu la wavu, na Bi Mdogo atolewe nje kila asubuhi, aanze na nusu saa, upande mmoja uwe na kivuli cha kukimbilia akiona joto. Na asiachwe peke yake, kunguru hawana huruma. "Mama utaweza kukaa naye?"

Nilifungua mdomo niseme naam. Nikaufunga.

"Mimi kinyonga namwogopa," nikasema.

Uongo mtupu. Jana yake tu alikuwa amelala begani kwangu nikichambua mchele, na mume wangu alituona. Alinitazama kwa muda.

Siku ile ile akakata wavu, akatengeneza tundu. Asubuhi ya pili yake alisimama mlangoni, mkongojo mkono huu, tundu mkono ule, akivuta pumzi kama anayetaka kuinua kioo kizito. Akavuka kizingiti.

Jirani yetu mshonaji alikuwa wa kwanza kumwona. "Fundi! Umeadimika mno."

"Nimemtoa mgonjwa juani," akajibu, na akaketi kwenye benchi la ukutani.

Mimi nilibaki ndani, nyuma ya kile kioo, nikiwatazama. Bi Mdogo alijigeuza ubavu, akaufanya kuwa mweusi ili unase joto vizuri. Mume wangu naye akakunja mikono ya shati. Machozi yalinitoka, sikuyafuta.

"Bi Mkubwa," aliita bila kugeuka, "huyu kinyonga, mtu anatakiwa kukaa mbali kiasi gani ndipo asimwogope?"

"Kwani vipi?"

Akajisogeza, akaacha nafasi ya mtu mmoja upande wa jua. "Njoo ukae. Na wewe una mifupa."