Abiria wa Nyuma ya Orodha

Boti ilikuwa imeshaachana na gati la Bukavu, kamba zimekusanywa na maganda ya ndizi yanaelea nyuma, ndipo Aurore alipohesabu watu wake mara ya tatu na kupata tena ishirini na watatu. Alikuwa ameandikisha jozi kumi na mbili za wanandoa. Alipita katikati ya viti na karatasi yake, akawaangalia wawili wawili, kwa maana kila mume na mke walitakiwa kuvaa kitenge kimoja. Mwanamke mmoja tu alikaa peke yake. Juu ya mapaja alishika shati la mwanamume, limepigwa pasi, la kitenge kile kile cha gauni lake.

"Maman Nathalie, bwana yako iko wapi? Tumemuacha ku port?"

"Hapana. Yeye alipandaka zamani."

"Zamani gani? Mimi niko ku mulango tangu asubuhi."

"Zamani, Aurore. Iko nyuma, karibu na bendera. Acha kelele ya kuondoka iishe kwanza, nitaenda kumuona."

Aurore aliweka nukta ya penseli mbele ya jina la Murhula, mume wa Nathalie, akaendelea kugawa juisi ya marakuja.

Wikendi hiyo alikuwa ameipanga kwa mwezi mzima, katika ofisi yake ndogo kule Nguba yenye kiti kimoja cha mgeni. Kwenda kisiwa cha Idjwi Ijumaa, kurudi Jumapili. Vyumba vinavyotazama ziwa, samaki, muziki wa rumba Jumamosi mchana, na lile zoezi ambalo watu wa kanisa walilipenda: kila mmoja amwandikie mwenzake barua, amwambie neno ambalo hakuwahi kumwambia. Sharti lilikuwa moja. Watu waliofunga ndoa tu, na waonyeshe cheti.

Nathalie aliingia ofisini siku ya pili ya kuandikisha, akaweka cheti cha ndoa mezani. Kisha akauliza swali ambalo wengine hawakuuliza.

"Tutaenda na bato gani?"

"Lune de Miel. Ile nyeupe ya Papa Gracien."

"Mbele ya kupakwa rangi iliitwa nani?"

Aurore hakujua. Nathalie alijua. Mtu akisimama upande wa jua aliweza kuyasoma maneno ya zamani chini ya rangi nyeupe: Faraja 3.

Miaka miwili nyuma Faraja 3 ilitoka Minova siku ya soko, ikielekea Bukavu. Karani wa boti, kijana mstaarabu aitwaye Cédric, aliandika abiria themanini, akafunga orodha, kwa sababu cheti cha boti kilisema themanini. Waliokuja baada ya hapo walimpa tiketi zao mkononi, wakapanda bila kuandikwa. Watu walikuwa wamezoea. Uliulizwa tu kama una haraka, ukisema ndiyo, unapita. Murhula alikuwa na haraka, mfuko wake mmoja wa vitunguu ulikuwa umepasuka njiani na kumchelewesha. Alimpigia Nathalie simu akiwa amekaa kwenye benchi la mwisho, akasema ameshapanda, apike ugali saa sita.

Boti ilipinduka asubuhi ile, ziwa limetulia, majumba ya Bukavu yanaonekana. Wale wa orodha walitafutwa mmoja mmoja. Waliopatikana hai walifunikwa blanketi, waliopatikana wamekufa walizikwa kwa hotuba. Papa Gracien, mwenye boti, alilia pamoja na familia, na alilia kweli. Nathalie alipomwendea, alivaa miwani, akapitisha kidole juu ya orodha kutoka moja mpaka themanini, akarudi juu, akashuka tena. Murhula hakuwemo. Na bila mwenye boti kusema kwamba mtu alipanda, hakuna aliyeweza kuandika kwamba alikufa.

Kwa hiyo Murhula alibaki kuwa hai kwenye makaratasi. Padri hakuweza kumsomea misa ya wafu mtu aliye hai. Nathalie hakuweza kukaa matanga wala kuvaa nguo za kilio. Ndugu za Murhula, ambao hapo mwanzo walilia naye, walichoka kulia bila maiti, wakaanza kusema kwamba kaka yao ana mwanamke Kamanyola. Baadaye wakasema kuna mtu amemwona sokoni Kamanyola, amenenepa. Mtaani walimtazama Nathalie kama mke aliyeshindwa kumshika mume. Hilo ndilo lililomkaa kooni. Alitaka jina moja liandikwe kwenye karatasi moja, basi, ili amlilie mtu wake kama watu wengine wanavyolia.

Walipofika katikati ya maji Nathalie alisimama, akaenda nyuma. Murhula alikuwa amekaa kwenye benchi la mwisho, karibu na bendera, miguu ameibana ili watu wapite. Maji yalimtoka kwenye mikono ya koti na kuunda kidimbwi chini ya benchi. Mabaharia walikuwa wamezoea kukipangusa kila safari na kulaumu bomba.

"Umekonda," Nathalie alisema.

"Hapa hakuna chakula ya maana. Vitunguu yangu iko wapi?"

"Ilielea mpaka ku Muhumba. Batu balikula wiki nzima. Bengine balinisalimia hata."

"Bende ku shetani."

"Njo vile. Toa ile koti, vaa shati."

Alimvalisha. Fundi alikuwa ameshona kwa kukumbuka vipimo, na mabega yalikaa sawa. Kabla ya kufunga kifungo cha shingo shati lilikuwa limeshalowa.

"Uko peke yako huku?"

"Hapana. Benye balipanda bila kuandikwa, tuko makumi ine na moja. Benzangu beko chini, kwa mizigo. Bako nasikia haya kusumbua."

Aurore alikuja akahesabu tena, akapata ishirini na wanne. Uso wake ulifunguka. Alimpa Murhula kadi ya jina ya kuning'iniza shingoni, akamkaribisha kwenye wikendi, akamwomba asikae karibu na spika kwa sababu ya umeme. Jean-Baptiste, mwalimu wa chuo kikuu aliyekuwa na mke wake Bijou benchi la mbele, aliinua mfuko wake kutoka chini maji yasiufikie.

"Papa Murhula, wewe utatulowesha mpaka Idjwi."

"Mwenye kulowa ni mimi, prof. Wewe unaona tu."

Bijou alicheka peke yake. Mumewe alirudi kwenye simu yake.

Idjwi walishuka kwa utaratibu. Cédric, ambaye bado alikuwa karani, alisimama kwenye ubao wa kushukia, akasoma orodha ya wikendi na kuweka alama. Alipofika kwa Murhula aliinua macho, akamtambua, akainama kidogo kama mtu anavyomwinamia mkwe, akaweka alama. Jina lilikuwa pale, limechapwa na Aurore: Nathalie na Murhula. Murhula alikanyaga ubao, kisha udongo. Alisimama hapo muda, anauangalia udongo unavyogeuka tope chini ya viatu vyake.

Wikendi ilikwenda vizuri. Chumba chao kiliwekewa ndoo na magunia mawili mlangoni. Usingizi wa Murhula haukubadilika, aliendelea kukoroma, na Nathalie alimsukuma kwa kiwiko kama zamani. Jumamosi mchana walicheza rumba, na Murhula, ambaye hakuwahi kujua kucheza, hakujua na sasa. Wengine waliwaachia nafasi kwa sababu ya utelezi. Baada ya muziki zikagawiwa karatasi za barua.

Murhula alilowesha ya kwanza, akalowesha ya pili. Ya tatu Nathalie aliishika mbali kwa ncha mbili, yeye akaandika bila kuigusa, mkono umenyooka. Aliandika siku, saa, na bandari ya Minova. Aliandika benchi alilokalia, na kwamba Cédric alipokea tiketi yake kwa mkono wa kulia. Kisha akaweka sahihi. Nathalie alisoma, akamrudishia.

"Hii iko ya Papa Gracien. Ya mimi iko wapi?"

Murhula alifikiri. Chini ya sahihi akaongeza mstari mmoja: Kamanyola sijaendaka.

Nathalie aliikunja karatasi, akaiweka ndani ya gauni, upande wa moyo.

Papa Gracien alifika Jumapili asubuhi akiwa mgeni wa heshima. Alikuja na mke wake kwa boti yake ndogo ya mwendo kasi, wote wawili wamevaa majaketi ya kuokolea. Alitoa neno fupi juu ya uaminifu katika ndoa, likapigiwa makofi. Walipokaa kunywa chai, Nathalie na Murhula walimwendea mezani.

"Eeh, Murhula. Habari ya siku mingi? Uko muzima?"

"Hapana, papa."

"Pole sana. Kaa. Mama, mupatie samaki."

Papa Gracien alivaa miwani, akasoma barua yote, mpaka mstari wa Kamanyola. Alipomaliza, macho yake yalikuwa mekundu.

"Ni kweli," alisema. "Yote iko kweli. Mimi sina ubishi na wewe."

"Basi andika jina yake," Nathalie alisema. "Moja tu, papa. Sikuombi kitu ingine."

"Maman, nisikilize. Liste iko na batu makumi munane. Nikimuandika huyu, iko makumi munane na moja. Karatasi ya bato inasema makumi munane. Nitakuwa nimevunja sheria."

"Ulivunja siku ile."

"Siku ile hatukuandika," alisema Papa Gracien kwa upole, na akamrudishia barua akiwa ameipangusa kwa kitambaa cha meza. Mke wake alimwongezea Murhula samaki. Murhula alikula, kwa sababu samaki alikuwa mzuri.

Saa kumi boti ilirudi Bukavu. Watu walishuka na mifuko yao na maua yao ya plastiki. Cédric alikuwa tena kwenye ubao. Nathalie alimtanguliza mume wake, amemshika mkono.

"Papa, ku Idjwi ulishuka juu ya wikendi," Cédric alisema. "Hapa Bukavu ni ingine. Hapa bado iko ile safari ya Minova, hauyaimaliza. Na ku liste ya Minova, sikukuandikaka."

"Lakini ulichukua tiketi yangu."

"Niliichukua."

"Na ule mukono."

"Na huu mukono, ndiyo. Unisamehe, papa."

Murhula alijaribu. Aliweka mguu wa kulia kwenye ubao na akajikuta amekaa kwenye benchi la mwisho. Alirudi, akaweka wa kushoto, akajikuta amekaa benchini. Mara ya tatu hakuamka. Watu wa nyuma walikuwa wanangoja kushuka na teksi zilikuwa zinapiga honi. Alitaka kurudisha kadi ya jina, Aurore akamwambia abaki nayo. Nathalie alimfunga kifungo cha shingo, akashuka.

Jioni hiyo hiyo alipeleka barua kwa ndugu za Murhula. Mkubwa wao aliisoma mlangoni. Mwandiko aliutambua, sahihi pia aliitambua, ile inayopinda mwisho.

"Kumbe anaandika," alisema. "Mutu mwenye kuandika barua iko muzima. Umuambie atoke kule Kamanyola, arudi kwake."

Barua hiyo sasa iko kwa mkubwa huyo, na anaionyesha kwa kila anayesema kwamba Murhula alikufa.

Papa Gracien amenunua boti nyingine. Cheti chake kinasema mia moja na ishirini, na orodha hufungwa hapo. Cédric amepandishwa cheo, ingawa orodha ya boti ile bado anaiandika mwenyewe. Jean-Baptiste na Bijou wameachana, ingawa barua zao zilikuwa ndefu kuliko za wote.

Aurore amehama ofisi, ile ya Nguba haikutosha. Baada ya wikendi ile ya kwanza mwanamke mmoja alikuja na cheti cha ndoa na kuuliza kama boti ni ile ile. Kesho yake walikuja watatu, halafu mwanamume mmoja na gauni lililokunjwa ndani ya mfuko. Wote walikuwa wameshona vitenge. Sasa wikendi hufanyika kila baada ya miezi mitatu, na wanandoa wa kawaida hawapati nafasi. Boti inakaa chini zaidi majini kuliko inavyostahili idadi ya walioonekana kupanda. Nahodha ameshazoea, anaondoka nusu saa mapema.

Mwezi wa kumi na mbili uliopita waliojiandikisha walikuwa jozi arobaini na moja za wanandoa. Hao ni watu themanini na wawili. Cédric aliandika themanini akafunga orodha. Nathalie alikuwa wa mwisho mstarini, kwa sababu alisubiri fundi amalize shati jipya, la mikono mirefu, kwa sababu ya baridi. Cédric alimwuliza kama ana haraka. Alisema ndiyo. Alimpa tiketi mkononi, akapita, akaenda kukaa karibu na bendera.

Ile Jumapili, kwenye ubao wa Bukavu, Cédric alilitafuta jina la Nathalie mara mbili, kutoka juu mpaka chini, akamwomba msamaha.

Ndugu za Murhula wanasema amemfuata bwana yake Kamanyola.