Mshono wa Gunia

Mbwa aligoma kula siku ileile gunia jipya la chakula chake lilipofunguliwa, na kwa mtu mwenye masikio huo ulikuwa ushahidi wa kutosha. Mama Vifungo hakumsikiliza mbwa. Alimsikiliza mdogo wake.

Mama Vifungo ni fundi cherehani. Jina hilo alibandikwa na wateja, maana ukikaa kwenye kiti chake huinuki bila kifungo kukuganda mahali. Mume alishatangulia mbele ya haki, akamwachia mbwa mzee mwenye sikio moja lililolala. Mdogo wake ana duka la chakula cha mbwa na paka mtaa wa pili, na kwa maneno hana mpinzani. Ndiye aliyemfundisha dada yake kuchagua: nyama iandikwe ya kwanza kabla ya nafaka, tarehe ya kuisha iwe bado, punje zisiwe zimejaa vumbi, na lazima unuse, mafuta yakichacha pua itakwambia. Mama Vifungo aliyashika hayo kama sala. Kila aliyeleta suruali ya kupunguzwa, akiwa na paka au mbwa nyumbani, alielekezwa kwa mdogo wake kabla hata hajapimwa kiuno.

"Anadeka tu huyo, Dada," mdogo wake alimwambia kwenye simu. "Umemzoesha mchuzi. Mwache njaa imtie adabu."

"Mbona kama pana harufu kidogo?"

"Dada, mimi nikuuzie wewe kitu kibaya?"

Basi, pua ikanyamaza. Maandishi ya gunia yalikuwa mazuri, nyama ya kwanza, tarehe mbali kabisa. Mama Vifungo akapiga magoti na punje kiganjani. "Kula, baba. Mama mdogo ndiye aliyekuchagulia." Mbwa alimtazama usoni kwa muda, kisha akala. Na kila siku ikawa hivyo, haligusi bakuli mpaka abembelezwe kwa mkono.

Wiki haikuisha vizuri. Mbwa alianza kutapika, akajikunyata chini ya meza ya kukatia vitambaa. Daktari wa mifugo alipomfunua mdomo, ufizi ulikuwa wa manjano.

"Ini hili," alisema. "Anakula nini?"

"Kizuri kabisa, daktari. Mimi sinunui ovyo."

"Niletee hicho kizuri nikione."

Akamwacha mbwa pale, akarudi nyumbani kuchukua gunia, na hapo ndipo alipouona mdomo wa gunia lenyewe. Magunia ya kiwandani hufungwa kwa uzi mmoja. Ukiipata ncha yake na kuvuta, mshono wote unafumuka wenyewe, na Mama Vifungo hupenda kuuvuta kama mtoto. Hili alikuwa amelikata kwa mkasi, kwa haraka, bila kujiuliza kwa nini uzi uligoma. Sasa alikishika kile kipande kilichokatwa, akakisogeza dirishani. Uzi juu, uzi chini. Mshono wa cherehani ya nyumbani, na kila ukienda kidogo, unaruka. Aliujua mruko ule kuliko anavyojua kikohozi chake. Ilikuwa cherehani yake ya zamani, ile ya kuzungusha kwa mkono, ambayo mdogo wake aliiazima akasema anashona mapazia ya duka.

Duka lile halikuwahi kuwa na pazia.

Hakupiga simu. Alikwenda dukani na kipande cha gunia mkononi. Alimkuta mdogo wake anachana pakiti ndogo ya chakula, ile inayotoka kiwandani imezibwa, anammiminia paka wake mnene juu ya kaunta. Mama Vifungo alipita bila salamu mpaka stoo. Cherehani ilikuwa pale, imezungukwa na magunia matupu ya chapa nzuri, na pembeni rundo la punje za kijivu zilizoota ukungu, zikisubiri kuchanganywa.

"Dada, biashara imekuwa ngumu," mdogo wake alisema nyuma yake. "Wengi wanafanya."

"Na langu?"

"Sikukusudia wewe. Yakishashonwa yote yanafanana, hata mimi siyajui."

"Cha paka wako unakijua."

Mdogo mtu akatazama chini, kisha akainua uso, na uso ule haukuwa na aibu. "Ukilisema hili nje, kumbuka nusu ya wateja umeniletea wewe. Watauliza dada naye alikuwa anakula fungu gani."

Maneno hayo yalimchoma kuliko gunia lenyewe. Mdogo huyu alilelewa na Mama Vifungo mwenyewe. Sare zake zote za shule zilipita chini ya sindano ya cherehani ileile.

Mama Vifungo aliibeba cherehani kwa mikono miwili. Mlangoni alikutana na mwalimu wa jirani, mwenye paka wawili na sketi inayosubiri zipu.

"Usinunue hapa," alimwambia, na mdogo wake akisikia. "Mimi ndiye niliyekuleta, na mimi ndiye ninayekurudisha. Chakula kimeoza. Wangu yuko kwa daktari."

Mwalimu alimtazama kwa jicho ambalo Mama Vifungo hakuwahi kutazamwa nalo. Akageuka, akaondoka. Hajaifuata sketi mpaka leo.

Mbwa hakufa. Alirudi nyumbani mifupa mitupu, na dawa, na amri ya kula wali laini na kuku wa kuchemsha. Mama Vifungo alipika mwenyewe, akapoza, akaonja, akanusa, akanusa tena. Kisha akapiga magoti, akanyoosha kiganja, akijua kwamba safari hii mbwa angekuwa na haki ya kumkatalia.

Mbwa hakunusa. Alimtazama usoni tu, kama siku zote, akafungua mdomo akala.

Mama Vifungo alilia pale pale sakafuni, mkono bado umenyooka. Hivyohivyo ndivyo na yeye alivyokuwa akinunua kwa mdogo wake.