Kamba Fupi ya Suhaib

Nyie wenye wana wanaokwenda na chombo peke yao, nisikilizeni. Siku ile hapakuwa na dhoruba. Ulikuwa upepo wa kawaida na jua limewaka, na hapa kijijini kwetu Chokocho kila mtu yuko kwenye shughuli zake.

Mwanangu Suhaib alikuwa akichukua mwani mkavu. Wanawake wa visiwani wakishauanika ukakauka, yeye huupakia kwenye dau lake akauleta huku kwetu. Dau lile ni la watu wawili. Mmoja hushika msukani, mwengine hushughulika na tanga na kukumba maji yanayoingia chomboni. Lakini mwenzake, Bakari, alikwenda Unguja kwenye kazi za ujenzi, na Suhaib akasema atakwenda mwenyewe mpaka apatikane mtu. Miezi minne, mtu hakupatikana.

Chakula kikawa hakinipiti. Nikamnunulia kamba ya nailoni, nikamwambia ncha moja ajifunge kiunoni, ya pili aifunge kwenye ubao anaokalia. Nikampelekea mwenyewe mpaka pwani, na wenzake wakaniona.

"Yakhe, leo unapelekwa malishoni?"

"Mwacheni! Mbuzi wa Bi Mwanawema huyo, akipotea tutalipishwa sote!"

Suhaib akacheka nao. "Mbuzi huyu ana mwenyewe. Nyie mnazurura tu." Akajifunga palepale mbele yao.

Kamba aliikata, akabakisha pima moja na kitu. Nikamgombeza, mbona kaifanya fupi. Akaniambia, "Mama, ndefu itaniacha nianguke halafu inikokote. Fupi hainifikishi majini." Hapo nilimwona ana akili, na moyo ukatulia siku mbili tatu.

Sasa sikilizeni habari ya simu. Simu aliiweka mbele kabisa, omo, ndani ya ndoo ya rangi yenye mfuniko, maana nyuma anakokaa yeye maji yanaruka, na simu mbili zilishakufa. Katikati ni magunia ya mwani, yamepangwa juu kwa juu. Kutoka nyuma kwenda mbele hapana njia ndani. Unakanyaga ukingoni, mkono umeshika gunia.

Haya yote aliniambia. Aliniambia jikoni, anakula muhogo.

"Mama, ukinipigia nikiwa njiani unanipa kazi. Lazima nifunge demani, ile kamba ya tanga, kisha nijifungue kiunoni ndipo niende mbele."

"Basi usipokee."

"Nisipopokea wewe utafanyaje?"

"Nitakufa."

Nilisema kama mzaha. Haukuwa mzaha, na yeye alijua. Mkewe, Ruweida, akasema, "Mie simpigii, mama. Akifika nitamwona." Nikamwona hana uchungu na mumewe.

Jumatano, saa saba na nusu mchana, nikampigia. Akapokea anahema.

"Mama."

"Uko wapi?"

"Nishatoka. Magunia kumi na tisa. Mzima."

"Umejifunga?"

Akacheka. "Nitakuwaje nimejifunga na niko huku mbele nasema na wewe? Nitajifunga nikirudi kukaa. Haya mama, niache."

Nikamwacha. Robo saa nzima nilimwacha. Halafu upepo ukaangusha kanga kwenye kamba ya nguo uani. Kanga moja tu. Nikaichukua simu.

Ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Ruweida alikuwa anachambua mchele, akasema, "Mama, mwache mtu ashike chombo chake." Nikamwambia nyamaza wewe. Nikapiga tena na tena, mara kumi na moja, na kila ilipoita nikawa nasema, sasa anakuja, sasa anaifungua ndoo.

Mara ya kumi na mbili ikapokewa.

"Alhamdulillahi! Suhaib!"

"Mie si Suhaib, bibi. Naitwa Hamad. Dau limekuja hapa mchangani lenyewe, tanga limejaa, na simu inalia ndani ya ndoo. Mwenyewe yuko wapi?"

Nikamuuliza mie yeye, "Mwenyewe yuko wapi?" Tukawa tunaulizana.

Watu walitoka na boti za mashine kumtafuta mpaka adhana ya Magharibi, kesho yake tena, na kesho kutwa. Kaka yangu, Mzee Mmanga, aliyekula ujana wake baharini, alikwenda nao kila safari. Mie wakaniambia nikae. Nikakaa pwani, miguu ndani ya maji, sina la kufanya. Kila boti iliporudi niliwahesabu watu waliomo, na hesabu ikawa ileile ya waliotoka.

Siku ya tatu kaka yangu akanichukua kuliona dau. Demani ilikuwa imefungwa fundo zuri kwenye ubao. Akaigusa, akasema, "Angeishika mkononi, akianguka ingemponyoka. Tanga lingelegea, chombo kingesimama karibu naye. Imefungwa, kikamwacha."

Kisha nikaiona kamba yangu ya nailoni. Ncha moja bado iko kwenye ubao. Ile ya kiunoni imelala chini, haikukatika wala haikuchanika.

"Hii imefunguliwa kwa mkono," akasema.

"Kafungua aende wapi?"

Akayatazama magunia, akaitazama ndoo kule mbele.

"Kaka, sema."

"Ajuaye ni Mungu, Mwanawema. Labda gunia lililegea, akaenda kulikaza."

Niliyapitia magunia yale moja moja kwa mkono wangu. Hakuna lililolegea.

Kwa hiyo nyie, mwana akienda peke yake, demani asiifunge, aishike mkononi. Kamba ya kiunoni iwe fupi na asiivue mpaka anagusa pwani. Simu aitie kwenye mfuko wa nailoni aifunge mwilini mwake, si mahali pa kufuatwa. Na wewe uliye nyumbani, keti na hofu yako. Usimpigie.

Siku ya tano wakaja watu nyumbani. Mayiti hakuna. Wa kuoshwa hakuna, wa kuzikwa hakuna, na Ruweida hajulikani ni mke bado au ni mjane wa kukaa eda. Shehe wa msikiti akasema apelekewe Kadhi maelezo, ndiye atakayeamua. Akatoa kalamu.

"Wa mwisho kumsikia akiwa hai ni nani?"

Ruweida alikuwa na simu ya mumewe mapajani. Alishaifungua, alishaona kila kitu kilichomo. Akainamia mkeka, hakunitazama.

"Ni mie," nikasema.

"Saa ngapi, Bi Mwanawema?"

"Saa saba na nusu. Alisema mzima."

Akaandika. "Baada ya hapo?"

"Baada ya hapo nilimpigia mara kumi na moja. Alikuwa peke yake, na nilijua lazima ajifungue ndipo aje kupokea."

Kalamu ikasimama. Watu wakaanza kusema pamoja, hapana Bi Mwanawema, ni kadari hiyo, usijitie dhambini, mama yeyote angepiga.

"Liandike na hilo," nikamwambia shehe.

"Hilo halina haja kwa Kadhi, dada yangu."

Akakunja karatasi, akaitia mfukoni. Hakuliandika. Nimeliandika mie.