Folda ya Vipimo

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nililisikia, na guu lililovunjika ni la Odeta.

Odeta alikuwa mpimaji wa maabara katika kiwanda chetu cha minofu ya sangara, hapa ukingoni mwa ziwa. Mimi natunza seva. Folda ya vipimo nilikuwa nimeipanga hivi: maabara waandike, wengine wote wasome tu. Siku moja meneja, mzee Revocatus, akanipigia simu.

"Binti, kompyuta inaniambia sina ruhusa. Mimi?"

"Shikamoo mzee. Kusoma unaweza. Kubadilisha ndiyo huwezi."

"Marahaba. Baba hapigi hodi kwenye nyumba yake. Fungua."

Nikafungua. Nikampa ruhusa zote, hata ya kuhamisha na kufuta, kwa sababu ndivyo nilivyolelewa: mtu mzima hakataliwi mara mbili.

Haukupita mwezi, vipimo vya wiki mbili vikatoweka, na mkaguzi anafika kesho yake.

"Kavifuta huyo Odeta," mzee Revocatus alisema. "Kuna samaki wabovu anawaficha."

Kabla ya saa sita mchana Odeta alikuwa na barua ya kuachishwa kazi. Alitoka getini na mabuti yake meupe kwenye mfuko, bila kuaga mtu.

Nikakaa kwenye seva. Ruhusa za kuingia kutoka mtandaoni zilikuwa sawa. Ruhusa za folda yenyewe, sawa. Maabara hawakuwa wamefungiwa. Vipimo ndivyo vilivyotolewa. Nikafungua kumbukumbu, pale seva inapoandika nani amegusa faili gani na saa ngapi. Saa tatu na dakika kumi na nne asubuhi, jina la Revocatus, kompyuta ya Revocatus: vipimo vyote vimehamishiwa kwenye folda yake ya picha za sherehe ya mwanawe, "Kipaimara cha Kashindye". Hakuiba. Mkono uliteleza kwenye kipanya, basi.

Alasiri ile ile, kwenye kikao cha wakuu wa idara, nikaionyesha ile folda ukutani kwa projekta.

"Vipimo hivi hapa, mzee. Vimelala na keki."

Luhaga wa stoo alicheka, kisha akajikohoza.

"Kumbe hizi kompyuta zina mambo," akasema mzee Revocatus, akageukia ajenda inayofuata.

Mkaguzi alipata vipimo vyake. Odeta hakurudishiwa kazi. Barua imeshatoka, walisema, na mkataba wake ulikuwa ukingoni hata hivyo.

Siku ya tatu mama Gladness wa utumishi akaniita, akafunga mlango.

"Mwanangu, nenda kamwombe mzee radhi, yaishe."

"Odeta kaombwa na nani?"

"Ya Odeta ni mengine. Wewe umemwaibisha mtu mzima mbele za watu. Si ungemnong'oneza?"

"Ningemnong'oneza, vipimo vingeonekana vimejirudia vyenyewe, na Odeta angebaki mwongo mpaka leo."

"Una ulimi wewe. Hata mdogo akiwa na haki, ndiye anayeinama. Utapungukiwa nini?"

"Kosa langu nalijua, mama. Nilimfungulia asichopaswa kufunguliwa. Kwa hilo nimekwenda Usagara, nyumbani kwao Odeta, nimemwomba radhi uso kwa uso."

"Na mzee?"

"Mzee nimemrudisha kwenye kusoma tu. Radhi simwombi."