Mwanamke Anayechambua Mchele

Nawaambia wenzangu hakuna uso utakaonishinda mimi Mbelwa, hata wa jini, mradi akubali kuketi atulie. Bwana wee, anasema Fundi Semhando, mdomo wako unachora kuliko mkono. Ananiwekea picha aliyoichora mwenyewe: chumba, dirisha, mzee anashona kofia, na marehemu mke wa Fundi anachambua mchele kwenye ungo. Huyu mama hakuwahi kupigwa picha, ananiambia, sura yake imebaki hapa tu. Inakili. Ukishindwa uso, darasani kwangu basi. Natandaza nyuzi za mraba juu ya picha kama tunavyofundishwa, nachora mraba kwa mraba, dirisha, ungo, hata kivuli cha kiti. Uso nauacha wa mwisho, maana mjanja huanza na kiti, kiti hakigombi. Jua la mchana linachoma, nafumba macho kidogo tu, na lile dirisha nililolichora linafunguka, napita.

Ndani kuna njia, na njia inaingia chumbani, na chumba kinatoa njia, na kila chumba ni hikihiki kimegeuzwa kama kwenye kioo, ungo kushoto, ungo kulia, na mama anayechambua mchele hana uso. Shikamoo mama, natafuta macho yako. Marahaba mwanangu, anajibu bila mdomo, ulipoyaacha sipo yalipo? Nachora jicho, linateleza kama yai kwenye kikaango. Nachora pua, inakuwa ya Fundi. Nachora mdomo, unanicheka. Nipe japo nyusi, mama. Anapeta ungo. Asiyekuona, mwanangu, utamwonaje? Basi nashika kitambaa cha tapentaini ya kuyeyushia rangi, nifute nianze upya, nafuta chumba hiki, nafuta na kile, na njia haiishi, na kila ninapofuta panazidi kuwa peupe.

Naamka. Kitambaa kiko mkononi, kimelowa rangi ya kahawia. Picha yangu haina uso, kama nilivyoiacha. Naangalia ya Fundi: nayo haina. Bado naota, najisemea, nafumba macho tena ili niamke vizuri. Nikiyafumbua, mlangoni amesimama Mwanahawa, binti wa Fundi, beseni la nguo kiunoni. Dada, nilisinzia, namwambia, nimeota vibaya. Haniangalii, anaangalia pale alipokuwa mama yake. Hukulala, Mbelwa, anasema. Nipo hapa tangu uliposhika kitambaa, nikadhani unapangusa vumbi. Macho yako yalikuwa wazi, na ulikuwa unaongea na mama.