Ubao wa Fundi

Tangu astaafu udereva wa malori, Breki alikuwa hakai mahali pamoja. Jina hilo alipewa na madereva wenzake kwa sababu alichukia kukanyaga breki, na hata mkewe alishazoea kumwita hivyo, isipokuwa akiwa na hasira. Hapo humwita "baba watoto". Mkewe alikuwa fundi cherehani, na chumba cha mbele ndicho kilichokuwa karakana yake. Sasa Breki akawa anashinda humo. Mara kahamisha mkasi, mara kakalia pindo la gauni la mtu, mara anamwambia mteja kwamba rangi ile haimpendezi. Fundi alivumilia mpaka uvumilivu ukamwishia.

"Mtafutie baba yako kazi," alimwambia binti yao kwenye simu. "La sivyo nitamshona mdomo."

Binti akaja na sanduku. Ndani mlikuwa na msumeno mdogo wa mashine, wa kukatia maua na mapambo ya mbao. Wembe wake ulikuwa mwembamba kama uzi, umesimama wima, ukipanda na kushuka. Breki akaufunga msumeno huo kwenye meza ya stoo nyuma ya jiko, akavaa miwani na barakoa, akajifungia. Nyumba ikapumua.

Kusema kweli alijifunza mengi. Alijua kutandaza selotepu juu ya mbao ili isiungue, na kuupiga wembe kwa kidole kabla ya kuwasha mashine: ukilia "ting" kama waya wa gitaa, umekazwa vizuri, ukiwa bubu, bado. Kilichomshinda ni kona. Kwenye mstari ulionyooka alitiririka, akifika kwenye kona, pwa! wembe umekatika. Stoo ilijaa samaki wasio na mikia.

Jumamosi moja binti alipiga simu kusema angekuja na mwanawe, mtoto aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kusema.

"Siku hizi hana neno ila tembo, baba."

Basi! Breki akapandwa na wazimu wa tembo. Lakini plaiwudi ilikuwa imekwisha. Akazunguka nyumba nzima, na nyuma ya mlango wa chumba cha kulala akakuta ubao mwepesi, laini ajabu, umeegemea ukuta. Hakujiuliza umefikaje pale. Alichora mistari myepesi, asijitafutie balaa la kona, na kabla ya chakula cha mchana tembo alikuwa amesimama mezani, mnono, mkonga juu.

Alikuwa anampuliza tembo vumbi, mkewe alipoita.

"Breki! Umeuona ubao wangu wa kukatia nguo? Niliusogeza nipige deki."

Breki akamtazama tembo. Ndipo alipoona, ubavuni mwa mnyama yule, alama hafifu za chaki. Ubao ule Fundi aliachiwa na mama yake. Juu yake alikatia gauni lake la harusi, na sare zote za shule za binti yao.

Akatoka na tembo mkononi. Fundi akampokea mnyama, akamgeuza huku na huku, akamrudisha.

"Mzuri," alisema. "Asante, baba watoto."

Akatandika kitambaa cha mteja sakafuni, akapiga magoti, akaanza kukata, akijishika kiuno kila alipoinuka. Breki alitamani angetukanwa. Matusi angeyajibu. Yale magoti sakafuni angeyajibu nini?

Jumatatu asubuhi alikuwa mtu wa kwanza kufika kwa wauza mbao. Alipapasa ubao mmoja mmoja mpaka wakamchoka. Aliporudi alipiga msasa: wa kukwaruza kwanza, kisha wa kati, kisha ule laini, akifuata mkondo wa mbao, mpaka alipopitisha leso ya hariri haikukwama popote. Halafu akakumbuka jinsi mkewe alivyokuwa akihangaika kuubeba ule wa zamani kwapani, mkono haufiki chini. Huu utakuwa na tundu la kushikia. Akatoboa kwa keekee, akapitisha wembe tunduni, akaukaza, akawasha.

Pwa!

Akaweka mwingine. Pwa! Alikuwa anaweka wa tatu mlango uliposukumwa. Fundi alisimama pale, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Zima hiyo mashine," alisema. "Nimekaa kule nakusikia. Inalia, inabanwa, inakatika. Unaendesha lori, mume wangu."

"Sasa niendeshe nini?"

"Usiendeshe kitu. Huo wembe ni sindano. Ukiisukuma nguo, sindano inapinda. Yenyewe ina kazi yake ya kupanda na kushuka. Kazi yako ni kugeuza tu. Ukifika kwenye kona, unatulia palepale, unageuza polepole, ndiyo unaendelea."

"Haya, kaa wewe," Breki alisema, kwa jeuri kidogo.

Fundi akavuta kigoda. Breki akamvisha miwani yake, kisha akamvua ile futi shingoni, maana karibu na mashine hapatakiwi kitu kinachoning'inia.

"Na vidole visikae mbele ya wembe."

"Nimeshona miaka yote hii," alijibu mkewe. "Vidole ninavyo vyote."

Akawasha. Mikono yake ililala juu ya ubao kama juu ya kitambaa, ikauzungusha, ikauachia, ikauzungusha tena. Kona ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, na mashine haikubadilisha sauti. Breki aliona wivu. Kisha wivu ukayeyuka, akakumbuka kwa nini enzi za ujana alikuwa akizichana suruali zake makusudi na kumpelekea binti mmoja fundi, kila wiki.

Kipande cha katikati kikadondoka. Fundi akapitisha kiganja juu ya ubao.

"Wa nani huu?"

"Wako."

"Ule wa mama ulishaanza kupinda. Lakini ungeniuliza."

"Ningekuuliza. Nisamehe, mke wangu."

"Yameisha. Haya Breki, lete huyo tembo. Mbona umemnyima kiuno?"

Wakamchonga kiuno, kisha wakamkata vipande vya mtoto kuvipanga upya, Fundi akigeuza, Breki akilainisha kingo kwa msasa. Hawakumpaka vanishi, walimsugua mafuta ya kula tu, na wakafanya vizuri, maana mjukuu alipofika, jambo la kwanza alitia sikio la tembo mdomoni.

Mwisho wa ziara binti alifunga mizigo, akambeba mtoto, akaita kuaga. Akawatafuta chumba hadi chumba. Akawakuta stoo, wamekaa vigoda viwili, nywele zimejaa unga wa mbao, wanabishana kama shingo ya twiga ianzie juu au chini.

"Mama, mimi naondoka."

"Subiri, mwanangu," alisema Fundi bila kuinua macho. "Niko kwenye kona."