Kipandio cha Tatu

Fundi viatu alikuwa anabandua soli ya kiatu cha mwalimu wakati mkewe aliporudi kutoka makaburini, akavuta stuli yake na kuketi kwa upande mmoja, maana nyonga ilikuwa bado inamuuma. Alikuwa amezikwa wiki iliyotangulia. Fundi akampa uzi autie nta, kama siku zote. Tangu hapo alishinda naye kibandani, na jioni walirudi nyumbani pamoja. Wateja walimpa pole ya kufa, naye alisema ameshapoa.

Nyonga ndiyo iliyomuua. Alikwenda zahanati kuchukua dawa ya kikohozi, akaanguka kwenye ngazi, kipandio cha tatu, kile kinachocheza kama jino bovu. Wakubwa wakasema ni uzee. Wakubwa hawana neno jingine la kumwambia maskini.

Likizo ndefu ilipofika, chuo kilimleta binti mmoja mwanafunzi apime uimara wa mifupa ya wazee, ijulikane namna ya kuikinga isivunjike. Alikuwa na mashine ndogo ya kuingiza kisigino. Fundi akaenda na mkewe.

"Shikamoo babu. Shikamoo bibi."

"Marahaba. Anza na huyu," fundi alisema. "Mimi bado niko hai, sina haraka."

Bibi akavua kandambili. Mashine ikaguna. Binti akapima kisigino cha kulia, cha kushoto, akaifuta mashine na kurudia.

"Bibi, mifupa yako ni kama ya mama wa miaka arobaini."

"Nimebeba magunia ya makaa maisha yangu yote," bibi alisema. "Mwenzangu huyu kabeba sindano."

"Sasa nyonga ilivunjikaje?" fundi aliuliza, akamweleza alipoangukia.

Binti akatoka kwenda kukikanyaga kipandio cha tatu. Kikamtupa, akakaa chini kwa makalio. Akajipangusa, akaingia kwa mganga mkuu. Fundi na mkewe waliwasikia kupitia ukutani.

"Binti yangu, umeletwa kupima mifupa au saruji?"

"Lakini mgonjwa huyu mifupa yake ilikuwa mizima, daktari."

"Mgonjwa yupi?"

"Marehemu. Yuko hapo nje kwenye benchi."

"Basi mwambie marehemu tutaomba saruji watu wakizidi kuanguka. Mmoja hatoshi."

Bibi akainuka, akamkabidhi mumewe mkoba wake. Akachechemea hadi kwenye ngazi, akasimama kando ya kipandio cha tatu. Mama mwenye mtoto mgongoni alipofika, bibi akamshika kiwiko.

"Angalia mguu, mwanangu."

Jioni fundi alimpitia ili warudi nyumbani.

"Usiku ndipo wajawazito wanapokuja," bibi alisema. "Nitawaachaje?"

Fundi akarudi peke yake na mkoba, akautundika msumarini.

Likizo ikaisha. Katika ripoti yake binti aliandika maziwa, jua na mazoezi, na mwishoni akataja kile kipandio. Mganga mkuu akamwomba akiondoe kwenye ripoti, kwa kuwa tangu binti mwenyewe aanguke hakuna mtu mwingine aliyeanguka. "Ngazi yetu haina tatizo," alisema mkutanoni, na waliokuwepo wakapiga makofi. Saruji ilipokuja ikatengeneza mahali pa kuegesha gari lake.

Siku hizi fundi anatia nta uzi wake mwenyewe. Akifunga kibanda huenda zahanati, haumwi kitu. Hupanda kipandio cha kwanza, cha pili, na kwenye cha tatu mkono mwepesi humshika kiwiko. Akifika juu hugeuka, akashuka, akaanza tena, hadi mlinzi amuulize, "Mzee, kwani unaumwa nini?"

"Bado hawajaniambia," hujibu.

Siku za mwanzo bibi alikuwa anamwambia, "Angalia mguu, baba watoto." Sasa watu ni wengi, na giza likiingia nyuso zinafanana. Humwambia, "Angalia mguu, mzee," kama anavyowaambia wazee wote. Fundi husema asante, akaendelea kupanda.